Kwaya ya Vihiga na kimya cha Birmingham: Marafiki wa kwanza waliamini nini?

Swali: "Nimezaliwa na kulelewa katika Kanisa la Marafiki huko Vihiga, Kenya. Kwetu kuna mchungaji, kwaya, mahubiri na sadaka kama makanisa mengine, ila hatubatizi kwa maji wala hatuna meza ya Bwana. Sasa nafanya kazi Birmingham, Uingereza. Nilitafuta Marafiki wenzangu, nikaingia katika nyumba yao ya ibada Jumapili. Saa nzima watu wako kimya. Hakuna wimbo, hakuna somo, hakuna mchungaji. Mzee mmoja aliniambia baadaye kwamba hivyo ndivyo Wakweka, yaani sisi Marafiki, walivyoabudu tangu mwanzo, na kwamba yeye mwenyewe hana hakika kama Mungu yupo. Nimechanganyikiwa. Wale wa kwanza waliamini nini hasa? Nani kati yetu amepotoka? Na kama ningesimama nikaimba, ningekuwa nimewakosea?"

Jibu:

Dada yangu, mzee wa Birmingham amekupa nusu ya habari. Ungemuuliza mchungaji wenu wa nyumbani, huenda angekupa nusu ya pili. Ni kweli kwamba Marafiki wa kwanza hawakuwa watu wa kwaya. Lakini pia hawakuwa watu wapole wa kukaa kwenye duara wakisubiri saa iishe. Walikuwa na kelele. Waliingia makanisani wakamkatiza mhubiri, wakahubiri sokoni, wakapigwa mawe, na walipokutana wenyewe walilia na kutetemeka hadi majirani wakaingiwa na hofu. Tuanze na mtu aliyewakusanya.

George Fox alizaliwa Julai 1624 katika kijiji cha Fenny Drayton, katikati ya Uingereza. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, mnyoofu kiasi kwamba majirani walimpa jina la utani la Christer Mwenye Haki. Kijana alipelekwa kwa mshona viatu ajifunze kazi. Huyo bwana alifanya pia biashara ya kondoo na sufu. Chuo hakukiona. Mwaka 1643, akiwa na miaka 19, aliondoka nyumbani akaanza kuzunguka kutafuta mtu wa kumtuliza roho.

Zama alizotokea zina uzito kuliko kijiji alichotoka. Vita kati ya Bunge na Mfalme Charles I vilianza 1642, na Januari 1649 mfalme akakatwa kichwa hadharani. Maaskofu waliondolewa. Biblia ya Kiingereza ilikuwa mikononi mwa kila aliyejua kusoma, na nchi ikajaa vikundi vilivyobishana kuhusu kanisa la kweli liko wapi. Kulikuwa na watu walioitwa Watafutaji. Hao waliona kanisa limekufa tangu zama za mitume, basi wakawa wanakutana na kungoja, mara nyingi bila neno, mpaka Mungu mwenyewe aanze upya. Wakumbuke hao. Kulikuwa pia na jambo la mfukoni: sheria ilimlazimu mkulima kutoa fungu la kumi la mazao yake kumlisha kasisi wa parokia, amkubali asimkubali. Ukisoma habari za Marafiki wa kwanza bila kujua habari ya fungu hilo, hutaelewa kwa nini wakulima wa kaskazini waliwapokea kwa mikono miwili.

Fox aliwaendea makasisi mmoja baada ya mwingine. Mmoja alimshauri avute tumbaku na kuimba zaburi. Mwingine alikuwa anazungumza naye bustanini. Fox akakanyaga ukingo wa tuta la maua bila kukusudia, na kasisi akapandwa na hasira kana kwamba nyumba yake inaungua. Hayo ameyaandika mwenyewe katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa 1694 baada ya kufa kwake. Mwaka 1647, akiwa amewakatia tamaa wote, alisikia sauti ikimwambia kwamba yuko mmoja, naye ni Kristo Yesu, awezaye kusema na hali yake.

Hapo ndipo mzizi ulipo. Fox hakudai kwamba kila mtu ana dini yake moyoni na zote ni sawa. Alidai kwamba Kristo aliyefufuka yuko, anasema sasa, na anamfundisha kila mtu moja kwa moja, mwanamume kwa mwanamke, msomi kwa mjinga, Mkristo kwa asiyewahi kusikia jina la Yesu. Mstari waliousimamia ni Yohana 1:9: "Kulikuwako Nuru halisi, amtiaye nuru kila mtu, akija katika ulimwengu." Waliitafsiri neno kwa neno. Kila mtu. Na Nuru hiyo haikuwa ya kubembeleza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwonyesha mtu uovu wake mwenyewe mpaka asipate pa kujificha. Kutetemeka kulitoka huko. Aliyeivumilia, ilimgeuza. Jina Marafiki lenyewe lilitokana na Yohana 15: "Ninyi mmekuwa rafiki zangu, mkitenda niwaamuruyo."

Jina la Wakweka, yaani watetemekao, lilikuwa la dhihaka. Mwaka 1650 Fox alishtakiwa mjini Derby kwa kukufuru. Aliwaambia mahakimu watetemeke mbele ya neno la Bwana, na hakimu Gervase Bennet akamrudishia kejeli hiyo. Likashika.

Mwaka wa kuzaliwa kwa Marafiki kama jamii ni 1652. Fox alipanda kilima cha Pendle, kaskazini, akaona maono ya umati mkubwa unaongoja kukusanywa. Wiki chache baadaye, Juni, alisimama kwenye mwamba huko Firbank Fell akahubiri kama saa tatu mbele ya watu wapatao elfu moja. Wengi wao walikuwa wale Watafutaji niliokuomba uwakumbuke. Angalia hapo kitu ambacho mzee wako hakukuambia: kimya kilikuwa cha Watafutaji kabla hakijawa cha Marafiki, na kilichokivunja ni mahubiri ya saa tatu. Walikuwa wamengoja miaka. Alipokuja mtu wa kuwaambia kwamba waliyemngoja ameshafika na yumo ndani yao, waliendelea kukaa kimya, ila safari hii walikaa kusikiliza.

Kutoka Firbank alifika Swarthmoor, karibu na Ulverston, kwenye nyumba ya Jaji Thomas Fell. Jaji alikuwa safarini. Mkewe, Margaret, alikuwa na miaka 38. Siku hiyo ya kanisa Fox alisimama akauliza swali ambalo Margaret aliliandika baadaye: mtasema Kristo alisema hivi na mitume walisema hivi, lakini wewe unasema nini? Je, u mtoto wa Nuru, na unayoyasema yametoka kwa Mungu ndani yako? Margaret alikaa chini akalia, akisema moyoni kwamba sisi sote ni wezi. Tumeyachukua Maandiko kwa maneno tu, wala hatuyajui ndani yetu. Jaji alipokuwa anarudi, majirani walimwahi njiani kumwambia kwamba mkewe amerogwa. Yeye hakuwahi kuwa Rafiki hadi alipofariki 1658, lakini aliwaruhusu wakutane nyumbani kwake, na inasimuliwa kwamba aliketi chumba cha pili mlango ukiwa wazi. Swarthmoor ikawa makao makuu: barua ziliingia na kutoka hapo, na mfuko wa fedha wa kuwasaidia wasafiri na wafungwa ulianzishwa kwa mkono wa Margaret. Mimi husema wazi kwamba bila mwanamke huyu Fox angebaki mhubiri mmoja wa njiani kati ya wengi.

Mwaka 1654 wahubiri kama sitini, wengi wao wakulima na watumishi wa kaskazini, walitawanyika kusini wawiliwawili: Edward Burrough na Francis Howgill wakaenda London, John Camm na John Audland wakaenda Bristol. Inakadiriwa kwamba kufikia 1660 Marafiki walikuwa kati ya 40,000 na 60,000. Kwa miaka minane, hilo si jambo dogo.

Sasa uje kwenye maji na mkate, maana naona ndilo jambo pekee mlilobaki nalo sawa, ninyi wa Vihiga na hao wa Birmingham. Kama Kristo mwenyewe yupo, kivuli chake cha nini? Huo ndio msingi wa hoja yao. Yohana alibatiza kwa maji lakini alisema anakuja mwingine atakayebatiza kwa Roho Mtakatifu na kwa moto. Na Paulo anaandika kwamba ubatizo ni mmoja. Kama ni mmoja, waliuliza, ni upi? Robert Barclay, Mskoti msomi aliyeandika utetezi wa imani yao kwa Kilatini mwaka 1676, anashikilia kwamba huo mmoja ni wa Roho, na kwamba maji yalikuwa ya kipindi cha mpito kama tohara. Kuhusu meza ya Bwana aliegemea Ufunuo 3:20, ambapo Yesu anabisha mlangoni na kusema ataingia kula pamoja na mwenye nyumba. Chakula hicho ni cha ndani. Utaona kwamba hawakuidharau sakramenti. Walidai wanayo, na kwamba wengine wameshika ganda. Wakristo wengine hawakupendezwa na kauli hiyo, na ukiwa mkweli utakubali kwamba Barclay anapita haraka mno kwenye maneno "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu".

Mchungaji naye aliondoka kwa hoja hiyohiyo. Mwalimu akiwa amefika, wa kukodishwa ana kazi gani? Waliyaita makanisa "nyumba za minara" na kukataa kulipa fungu la kumi, na kwa kukataa huko walinyang'anywa ng'ombe, nafaka, hata vyungu. Ibada yao ilikuwa kungoja pamoja. Yeyote aliyesukumwa na Roho alisimama na kusema. Kuna siku walikaa kimya mwanzo hadi mwisho. Kuna siku nyingine ibada ilikwenda saa tatu, na Fox au Burrough akahubiri sehemu kubwa ya hizo. Saa moja kamili yenye dakika mbili za maneno, kama uliyoiona, ni desturi iliyopunguzwa na karne zilizofuata.

Mambo ya kofia na viapo yanachekesha leo, lakini yaliwapeleka gerezani kuliko mafundisho yoyote. Kumvulia kofia mtu wa daraja la juu ilikuwa lazima kama shikamoo kwa mzee wa Pwani; kijana asiyeamkia hajasahau, ametukana. Marafiki walikataa kumvulia kofia yeyote isipokuwa Mungu, wakati wa sala. Kiingereza cha siku hizo kilikuwa pia na "wewe" ya kumwambia mtu wa chini na "ninyi" ya kumwambia mkubwa, nao wakasema "wewe" kwa mtumishi na kwa jaji sawasawa. Hawakuwa na nia ya kumshusha mtu; waliona kwamba heshima ile inalisha kiburi cha anayepewa na uongo wa anayeitoa. Watoto waliwafanyia hivyo hata wazazi wao, na baadhi walipigwa na kufukuzwa nyumbani.

Kuhusu viapo walikuwa na Mathayo 5 mkononi: "Usiape kabisa." Maneno yenu yawe ndiyo, ndiyo, siyo, siyo. Kuapa mahakamani kwamba sasa utasema kweli ni kukiri kwamba siku nyingine husemi. Mahakimu waliugeuza ukaidi huo kuwa mtego. Kesi ikiwa dhaifu, hakimu alimtaka mshtakiwa aape utii kwa mfalme, akijua hataapa. Na kukataa kiapo hicho kulimpoteza mtu mali yake yote na kumweka kifungoni bila kikomo. Ndivyo Margaret Fell alivyofungwa 1664 katika ngome ya Lancaster hadi 1668. Mle ndani aliandika kijitabu, kilichochapishwa 1666, cha kutetea haki ya wanawake kuhubiri. Hoja yake: waliopelekwa kwanza na habari ya ufufuo walikuwa wanawake, na kama wanafunzi wangekataa kusikia ujumbe ulioletwa na mwanamke, wangeamini nini? Mwaka 1669, akiwa mjane, aliolewa na Fox, naye Fox akawauliza kwanza watoto wa Margaret kama wameridhia.

Kati ya wanawake wote waliohubiri, nampenda zaidi Mary Fisher. Alikuwa mtumishi wa ndani kutoka Yorkshire. Mwaka 1656 yeye na Ann Austin walifika Boston, Marekani. Wakafungwa, vitabu vyao vikachomwa moto, wakavuliwa nguo kukaguliwa kama wana alama za uchawi, kisha wakarudishwa walikotoka. Mwaka 1658 akasafiri kwenda kwa Sultani Mehmed IV wa Dola ya Uthmaniya, aliyekuwa kambini na jeshi lake huko Edirne, sehemu kubwa ya mwisho akienda kwa miguu peke yake. Sultani alimpokea kama balozi, akamsikiliza hadi mwisho, akampa nafasi ya walinzi wa kumsindikiza, naye akashukuru na kukataa. Walimuuliza ana maoni gani juu ya Mtume Muhammad. Akajibu kwamba hamjui, ila nabii hupimwa kwa kutimia au kutotimia kwa maneno yake. Nao wakakubali kuwa ni kweli. Aliandika kwamba alipata kwao wema kuliko kwa wengi wanaojiita Wakristo. Na alikuwa na sababu: Boston ile iliyomfukuza iliwanyonga William Robinson na Marmaduke Stephenson Oktoba 1659, Mary Dyer Juni 1660, na William Leddra 1661, kosa lao likiwa kurudi baada ya kufukuzwa kwa ajili ya imani yao.

Sitakuficha upande wenye kasoro. Kama kila mtu anaweza kusema "Kristo ameniongoza", nani anahukumu kama ni Kristo kweli? Swali hilo liliwapasukia Oktoba 1656. James Nayler, aliyekuwa askari wa Bunge na mhubiri ambaye wengine walimwona mkubwa kuliko Fox, aliingia Bristol juu ya farasi katika mvua, wafuasi wake wakiimba "Mtakatifu, mtakatifu, mtakatifu" mbele yake. Alisema ni ishara ya kuja kwa Kristo ndani ya watu wote. Bunge lilisema amejifanya Kristo, likatumia siku nyingi kumjadili yeye tu. Alichapwa viboko, akatobolewa ulimi kwa chuma cha moto, akapigwa chapa ya herufi B kwenye paji la uso, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la mkufuru, blasphemer. Fox alichelewa kumsamehe, na kwa maoni yangu hilo ni doa juu yake. Nayler alikufa 1660, na maneno yake ya mwisho juu ya roho isiyofurahia kutenda uovu wala kulipiza kisasi ni miongoni mwa maandiko mazuri kuliko yote ambayo Marafiki wameyaacha.

Kutokana na pigo hilo Fox alijenga utaratibu ambao hadi leo unaujua kwa majina: mkutano wa mwezi, wa robo mwaka, wa mwaka. Mtu akidai ameongozwa, wenzake wanalipima pamoja. Hawapigi kura, wanangoja mpaka waone njia moja. Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, uliotambuliwa 1946, ni mtoto wa utaratibu huo.

Amani nayo ilikuja kwa hatua. Fox mwenyewe alikataa cheo cha jeshi mwaka 1651 akiwa kifungoni Derby, akisema anaishi katika nguvu inayoondoa chanzo cha vita vyote. Lakini miaka ya mwanzo Marafiki wengi walikuwa bado askari, na wengine walifukuzwa jeshini kwa kukataa kuvua kofia kabla hawajafukuzwa kwa kukataa kupigana. Mwaka 1660 ufalme ulirudi. Januari 1661 kikundi kingine kabisa, kilichotaka kumtawaza Yesu kwa upanga, kiliasi London. Serikali ikakamata Marafiki zaidi ya 4,000 bila kuchagua. Hapo Fox na wenzake wakamwandikia Mfalme Charles II tamko kwamba wanakataa vita vyote na silaha zote za mwilini, kwa lengo lolote, na kwamba Roho wa Kristo habadiliki, leo kuwakataza jambo na kesho kuwaamuru walifanye. Wenye kejeli husema waliandika kwa hofu. Hofu ilikuwepo, naam. Lakini waliendelea kulishika kwa karne nyingi baada ya hofu kwisha.

Tamko halikuwaokoa. Sheria ya 1662 iliwalenga wao kwa jina, na ile ya 1664 ikapiga marufuku ibada yoyote ya zaidi ya watu watano nje ya kanisa la serikali. Madhehebu mengine yalijificha usiku. Marafiki walikutana mchana milango ikiwa wazi, na nyumba zao zilipobomolewa wakakutana juu ya kifusi. Huko Bristol mwaka 1682 watu wazima karibu wote walipokuwa gerezani, watoto waliendesha ibada wenyewe, wakipigwa na maofisa. Mamia walifia gerezani, wakiwemo Burrough na Howgill. Fox alifungwa mara nane.

Kesi moja uipitie hata kama huna muda wa nyingine. Agosti 1670 askari walifunga nyumba ya ibada ya Gracechurch Street, London, na William Penn, kijana wa miaka 25, mtoto wa admirali, akahubiri barabarani. Yeye na William Mead walipoingizwa mahakamani hawakuwa na kofia. Jaji akaamuru wavishwe, kisha akawatoza faini kwa kuwa nazo kichwani. Juri, yaani raia 12 walioitwa kuamua kesi, ilikataa kuwatia hatiani. Ikafungiwa siku mbili usiku na mchana bila chakula, maji wala moto, na bado ikakataa. Wakatozwa faini wao, na mmoja wao, Edward Bushel, akapeleka shauri mahakama ya juu. Jaji Mkuu Vaughan aliamua kwamba juri haiwezi kuadhibiwa kwa uamuzi wake. Uamuzi huo bado unashika. Penn alipewa mwaka 1681 ardhi ya Pennsylvania, akajaribu kuiendesha nchi bila jeshi. Uhuru wa kuabudu ulikuja Uingereza 1689; Fox aliuona, akafariki Januari 1691.

Juu ya utumwa niseme ukweli, kwa sababu watu wetu hupenda kusikia kwamba Wakweka walipinga tangu siku ya kwanza. Hapana. Fox alifika Barbados 1671, akahubiri kwamba Waafrika nao Kristo aliwafia, akawataka mabwana wawatendee kwa upole na kuwaachia huru baada ya miaka. Hakusema utumwa ni dhambi. Penn alikuwa na watumwa. Pingamizi la kwanza la maandishi lilitoka Germantown, Pennsylvania, mwaka 1688, nalo likawekwa kando. Ilichukua hadi 1776 ndipo mkutano wa mwaka wa Philadelphia ukamfukuza kila mwenye watumwa. Wakishaamua, hata hivyo, hawakurudi nyuma: kamati iliyoanza kazi London 1787 dhidi ya biashara hiyo ilikuwa na watu 12, tisa kati yao Marafiki. Na uzi huohuo ukafika kwetu. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar na Pemba mwaka 1897, Marafiki wa Uingereza walikwenda Pemba, wakanunua shamba la karafuu huko Banani ili waliokombolewa wapate kazi ya ujira.

Ila Vihiga haikutoka Pemba, na hapa ndipo njia yako na ya mzee zilipoachana. Marafiki wa Marekani waligawanyika 1827. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, katika miaka ya 1870, uamsho wa kiinjili ulivuma Indiana, Ohio na Iowa: waongofu wengi waliingia kwa mkupuo, hawakujua kungoja, wakahitaji wa kuwafundisha. Wachungaji wakaajiriwa, nyimbo zikaingia. Kutoka huko ndiko walikotoka Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walioanza kazi Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Walileta Ukweka walioujua. Uingereza nako Marafiki waligeukia upande wa pili: mkutano wao wa Manchester wa 1895 ulifungua mlango kwa elimu mpya ya Biblia, na katika karne ya 20 wengi wakaacha hata kujiita Wakristo. Kwa hiyo kwaya yako na shaka ya mzee ni rika moja. Hakuna hata moja iliyokuwepo Firbank.

Unauliza nani amepotoka. Mimi nitasema kila upande umeshika mkono mmoja wa Fox: wao wamebaki na kungoja, ninyi mmebaki na jina la Yule waliyemngoja. Na tusijione watakatifu. Mwaka 1927 Roho alipowashukia watu pale Kaimosi, wakalia, wakatetemeka, wakaungama hadharani, viongozi wa misheni na wazee waliwakataa, nao wakaishia kuunda Kanisa la Roho Mtakatifu. Watetemekao wakatengwa na kanisa la watetemekao.

Kuhusu wimbo. Mwaka 1653 Fox alikuwa kifungoni Carlisle. Mlinzi alimpiga kwa rungu, naye akaimba. Mlinzi akamleta mpiga fidla amzidi kelele. Fox akaimba kwa nguvu mpaka fidla ikanyamaza. Alichokipinga yeye ni kumwimbisha mtu zaburi ya toba wakati hana toba. Basi ukisukumwa kweli, simama uimbe, kwa Kimaragoli au Kiswahili, hakuna kanuni inayokukataza. Ngoja tu kidogo kama kuna aliyesema kabla yako, na usiimbe kwa sababu kimya kimekuchosha. Ibada huisha wazee wawili wanapopeana mikono. Chai ikiletwa, kaa na yule mzee umwombe asome barua ambayo Fox alimwandikia gavana wa Barbados mwaka ule wa 1671. Humo kuna Kristo aliyechukuliwa mimba kwa Roho Mtakatifu, akazaliwa na bikira, akasulubiwa, akafufuka. Asipoipata kwenye maktaba yao, mwandikie mchungaji wenu. Marafiki wengi wa Kenya bado wanaihesabu kuwa sehemu ya ungamo lao la imani.